Kushukuru Katikati ya Shida: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nilimuuguza mama yangu kwa miezi 14 kabla hajafariki. Katika miezi hiyo ndipo nilipojifunza kushukuru, na si kwa namna niliyoizoea siku ambazo mambo yangu yalikuwa yananiendea vizuri. Tangu nianze kulizungumzia jambo hili watu huniuliza maswali yale yale, wengine kwa upole, wengine kwa hasira. Wenye hasira ndio ninaowaelewa zaidi. Haya hapa majibu yangu. Si lazima uyasome kwa kufuatana. Nenda moja kwa moja kwenye swali linalokuuma.

Kushukuru wakati wa shida maana yake nini hasa?

Tuanze na maneno mawili tunayoyatumia kutwa. Mtu akikukuta na jeraha, uchovu au msiba, anakwambia "pole". Nawe unajibu "asante". Jibu hilo hutoka mdomoni bila kufikiri, lakini hebu litazame vizuri. Hushukuru kwa kuwa umeumia. Wala hudai kwamba maumivu yamekwisha. Unamshukuru mwenzio kwa sababu ameyaona maumivu yako na hakupita kama hakuona. Jeraha liko pale pale, na asante nayo imetoka.

Hilo ndilo ninalolisema katika ukurasa huu wote. Hakuna anayekutaka ushukuru kwa ajili ya ugonjwa, kwa ajili ya kufukuzwa kazi au kwa ajili ya ndoa iliyovunjika. Unashukuru ukiwa ndani ya hayo, kwa kile chema kilichokufikia humo humo.

Neno lenyewe "asante" limetoka katika Kiarabu, *ahsanta*, yaani umetenda vyema. Kwa hiyo tangu asili yake ni neno linalomtazama mtenda wema. Ukikwama hujui ushukuru nini, usijiulize "nina nini?" Jiulize "nani amenitendea wema leo?" Swali la kwanza linaweza kukuumiza zaidi siku ambayo umepokonywa vingi. La pili, mara nyingi, lina jibu.

Huko si kujidanganya?

Ni kujidanganya ukianza kwa kuifuta shida. Ndiyo maana ninawashauri watu waitaje shida kwanza, kwa jina lake kamili, kisha ndipo washukuru. Katika daftari langu kuna ukurasa wenye mistari miwili tu. Wa kwanza: "Leo mama hakunitambua." Wa pili: "Muuguzi wa zamu ya usiku amezima taa kubwa akaacha ile ndogo ya pembeni, ili alale." Mstari wa pili haukuufuta wa kwanza. Nikiusoma leo bado machozi yananilengalenga, ila nakumbuka pia kwamba usiku ule kulikuwa na mtu aliyefikiria macho ya mama yangu.

Tuna neno zuri sana kwa jambo hili: afadhali. Ukiulizwa mgonjwa anaendeleaje, ukajibu "afadhali kidogo", hujasema amepona, na hujasema hali ni nzuri. Umesema kuna kitu kimoja kimesogea. Mtu aliye katika dhiki akiniambia kila kitu ni kizuri, namwonea wasiwasi. Akiniambia afadhali, najua anayaona mambo kama yalivyo.

Kila mtu ananiambia "shukuru, wako wenye shida kuliko wewe." Mbona maneno hayo yananiuma?

Kwa sababu yanakunyamazisha, hata kama msemaji hakukusudia. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Anayekulinganisha na mwingine hajakuuliza wewe unaumia wapi.

Na kulinganisha ni msingi mbovu wa shukrani. Ukipata nafuu kwa kuwa fulani ana hali mbaya zaidi, nafuu hiyo itaporomoka utakapokutana na mwenye hali bora. Tena inamfanya yule mwenye shida kubwa kuwa dawa yako, jambo ambalo binafsi naliona si adabu. Mguu wako uliovunjika hauungi kwa habari kwamba jirani amevunjika miwili.

Ukiambiwa hivyo, unaweza kujibu kwa heshima: "Nashukuru, ila leo ningependa unisikilize tu." Na kama wewe ndiye mwenye mazoea ya kuwaambia watu hivyo, nakuomba uache. Sema pole, ukae. Mwenye shida akishukuru mwenyewe mbele yako, mpokee, lakini usimtangulie.

Kuna ushahidi, au ni maneno ya kutiana moyo tu?

Ushahidi upo, ingawa si mkubwa kama wanavyodai wanaolinadi jambo hili kama dawa ya kila kitu.

Utafiti unaotajwa sana ni wa wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, uliochapishwa mwaka 2003. Waliwagawa watu katika makundi: wengine waliandika mambo ya kushukuru, wengine kero zao, wengine matukio ya kawaida tu. Katika sehemu ya kwanza, wanafunzi waliandika mara moja kwa wiki kwa wiki 10. Walioandika shukrani waliyatazama maisha yao kwa jicho jema zaidi, walikuwa na matumaini zaidi na wiki iliyokuwa mbele yao, na walilalamikia maumivu madogo madogo ya mwili kwa uchache kuliko walioandika kero.

Lakini sehemu inayonigusa mimi ni ya tatu. Hiyo ilifanywa na watu wenye maradhi ya misuli na neva, maradhi ambayo hayaondoki kwa kuandika daftarini. Waliandika kila siku kwa siku 21. Walioandika shukrani walisema wanalala kwa muda mrefu zaidi, wanaamka wakiwa wamepumzika zaidi, na wanajisikia karibu zaidi na watu. Hao hawakuwa watu wenye maisha mepesi.

Mwaka 2005, Martin Seligman na wenzake waliwapa watu zoezi la wiki moja: kila usiku andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri, na kwa nini yalikwenda vizuri. Furaha iliongezeka na dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, zilipungua, na tofauti hiyo ilikuwa bado inaonekana miezi sita baadaye. Waliofaidika zaidi ni wale walioendelea wenyewe baada ya wiki kwisha.

Sasa upande wa pili, maana ni haki yako kuujua. Mwaka 2021 watafiti wawili wa Marekani, David Cregg na Jennifer Cheavens, walikusanya matokeo ya tafiti 27 na kukuta kwamba kwa sonona na wasiwasi uliokithiri, mazoezi ya shukrani husaidia kidogo tu. Hawakushauri yatumike kama tiba. Nakubaliana nao. Mimi naiona shukrani kama mkongojo: unakusaidia kutembea, hauungi mfupa.

Kwa nini akili yangu inaona mabaya peke yake?

Si wewe peke yako. Mwaka 2001 Roy Baumeister na wenzake walipitia tafiti nyingi na kukuta kwamba karibu kila mahali baya lina uzito kuliko jema. Tusi moja hukaa moyoni kuliko sifa kumi. Kuna faida yake: anayeisahau hatari haraka hadumu. Na jema nalo huzoeleka. Jino likiuma hulali; siku linapotulia unashangilia; baada ya wiki umesahau kama una meno.

Kwa hiyo usijilaumu kwamba una roho mbaya au huna shukrani. Baya linajileta lenyewe. Jema inabidi ulifuate, na kulifuata kunachosha, hasa ukiwa umeshachoka.

Nataka kuanza lakini sina nguvu. Nianzie wapi?

Anza na mstari mmoja. Si ukurasa.

Mimi niliandika kwa penseli kwenye daftari la shule, kwa sababu kalamu hukataa kuandika ukiwa umelala chali, na muda wangu wa kuandika ulikuwa huo, nimejinyoosha kwenye benchi la kando ya wodi. Siku nyingi niliandika maneno yasiyozidi kumi. Nilichojifunza polepole ni kwamba maneno makubwa hayanisaidii. "Namshukuru Mungu kwa familia yangu" ni kweli, lakini nikiliandika mara tatu moyo unalizoea, halinigusi tena. Nikaanza kuandika kitu chenyewe, kama nilivyokiona: "Dada amekuja saa kumi alfajiri kunipokea zamu. Hakuniuliza nimelala saa ngapi, amenivua viatu tu." Hilo hata leo lina joto.

Basi, tafuta kitu kilichotokea leo, si kitu ulicho nacho siku zote. Kiandike kwa namna ambayo mtu asiyekuwepo angekiona. Kama kuna mtu nyuma yake, mtaje jina, na andika alichofanya. Na ukiweza, ongeza neno moja la kwa nini: kwa nini alifanya hivyo, kwa nini kimekugusa. Hiyo "kwa nini" ndiyo inayokuzuia kuandika kwa mazoea.

Kama kuandika ni kazi nzito, usiandike. Mwambie mtu mmoja kwa mdomo, au mtumie ujumbe wa sauti. Nimewajua wagonjwa waliohesabu kwa vidole gizani, kidole kimoja jambo moja, na usingizi ukawachukua kabla ya kufika kidole cha tano. Wenye kusali hufanya hivi katika sala zao bila kuliita jina lolote.

Kila siku au mara moja kwa wiki?

Sonja Lyubomirsky na wenzake walijaribu yote mawili kwa wiki sita: kundi moja liliandika mara moja kwa wiki, jingine mara tatu. Lililofaidika ni la mara moja. Yaelekea kuandika mara nyingi kuligeuka kazi ya darasani. Lakini zoezi la Seligman nililolitaja juu lilikuwa la kila usiku, nalo lilisaidia.

Maoni yangu, yanayotokana na niliyoyapitia: wakati shida imepamba moto, mstari mmoja kila usiku unakushikilia. Mambo yakitulia, punguza. Ukiona umeanza kuandika ili tu siku isikupite, umeshazidisha.

Kuna siku natafuta nakosa kabisa. Nifanye nini?

Andika "Leo hakuna." Sifanyi utani, daftari langu lina siku kama hizo, na siku moja niliandika maneno hayo kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Kuandika hakuna ni bora kuliko kubuni. Siku ukianza kubuni shukrani, hutaziamini hata zile za kweli.

Siku nyingine, ukiwa na nguvu kidogo, jaribu njia hii. Chukua jambo moja jema lililo maishani mwako, tuseme rafiki, kisha fikiria namna ambavyo lingeweza lisitokee kabisa. Mlikutanaje? Kama siku ile ungechelewa, kama angekaa kiti kingine? Mwaka 2008 Minkyung Koo na wenzake walikuta kwamba kufikiria jambo jema kana kwamba halikutokea huinua moyo kuliko kukumbuka tu jinsi lilivyotokea, ingawa watu walipoulizwa mapema walidhani ingekuwa kinyume. Kile tulichokizoea huwa kigeni tena, tukakiona.

Ila njia hii usiitumie ukiwa umefiwa karibuni. Aliyefiwa hahitaji kuwaza kutokuwepo kwa mtu. Anaamka nako kila asubuhi.

Nimefiwa. Je, nalazimika kushukuru?

Hapana. Pole sana, na hapana.

Watu wengi wa dini wanaogopa kwamba kulia ni kukufuru. Lakini Nabii Yakubu alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na huyo huyo ndiye anayekumbukwa kwa subira njema. Katika Zaburi ziko nyingi zinazoanza kwa kilio zikaishia kwa sifa, lakini ile ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, haina shukrani hata kidogo mwishoni, na haikuondolewa kati ya zile 150. Mimi huwa najiambia kwamba kama sala ile ilipokelewa ilivyo, basi hata mimi naweza kukaa gizani kwa muda bila kuambiwa nimepotea.

Shukrani katika msiba huja yenyewe, na haiji mikono mitupu. Huja imeshikana na machozi. Mama alikuwa na namna yake ya kukunja nguo. Alianza na mikono, akaificha ndani kama mtu anayelaza mtoto, kisha ndipo anakunja mwili wa nguo. Miezi kadhaa baada ya mazishi nilikuwa nikikunja shati langu nikaona mikono yangu inafanya vile vile. Sikuwahi kufundishwa. Nilikaa kitandani nikalia sana, na katikati ya kilio nikajikuta nasema asante, asante mama. Sijui kati ya hayo mawili lipi lilitangulia. Mtu angeniambia nishukuru wiki ile tuliyomzika, nadhani ningemfukuza.

Kwa hiyo usiharakishwe. Ukiweza kitu kimoja tu katika siku za mwanzo, pokea pole za watu.

Ninauguza mgonjwa. Nikicheka au nikifurahia kitu, naona kama namsaliti. Ni sawa?

Hisia hiyo naifahamu vizuri. Nilikuwa nikitoka nje dakika kumi, nikaona jua linavyozama, nikapenda, kisha nikajichukia kwa kupenda. Mama ndiye aliyeniponya, bila kujua. Alikuwa akiniuliza "huko nje kukoje?" na nilipomjibu "kawaida tu" alinyong'onyea. Nilipoanza kumsimulia, akawa ananingoja nirudi. Huko kuona kwangu uzuri wa nje kukawa ndilo dirisha lake. Mgonjwa wako hapungukiwi ukifurahi. Mara nyingi anakuogopea wewe kuliko anavyojiogopea mwenyewe.

Nimepoteza kazi na nina madeni. Shukrani itanisaidia nini?

Haitalipa deni, na anayekwambia italipa anakudanganya. Inachoweza kufanya ni kuzuia hofu isikufunge macho. Mtu mwenye hofu ya fedha huona mlango mmoja tu, na mara nyingi ni ule wa mkopo mwingine.

Fanya hivi: andika majina ya wote waliokufaa katika miaka michache iliyopita, hata kwa jambo dogo, na alichokufanyia kila mmoja. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, tunasema, lakini mara nyingi hatuwakumbuki mpaka tuwaandike. Orodha hiyo ni shukrani, na pia inakuonyesha uende kwa nani. Huyu alikupa ushauri mzuri, yule alikuunganisha na mtu, mwingine alikaa kimya akakusikiliza. Wapigie simu kuwashukuru kwanza, bila ombi lolote. Kama utahitaji msaada wao, lifanye hilo siku nyingine na useme wazi.

Na tahadhari moja. Usikubali shukrani igeuzwe kifuniko cha dhuluma. Mwajiri anayekucheleweshea mshahara miezi mitatu kisha akakwambia ushukuru hata una kazi, hakufundishi shukrani. Unaweza kuwashukuru wafanyakazi wenzako waliokushika mkono, na siku hiyo hiyo ukadai haki yako yote.

Nimeumizwa na mtu. Wanasema nishukuru kwa sababu amenifanya niwe imara.

Sikubaliani nao. Kama umekuwa imara, mshukuru aliyekusaidia kusimama, ujishukuru na wewe mwenyewe. Aliyekusukuma hana sehemu katika hilo. Aliyepigwa, aliyebakwa, aliyetapeliwa akiba ya maisha yake, hana deni la asante kwa mtesi wake wala kwa tukio lenyewe. Na kama bado uko ndani ya nyumba unamopigwa, kinachotakiwa kwanza ni usalama wako. Usikae hapo ukitafuta mazuri yake ya kuandika daftarini. Mazuri machache ya mtu anayekudhuru ndiyo kamba inayowafunga wengi.

Nataka kumshukuru mtu lakini naona haya. Je, hatanishangaa?

Hatakushangaa kama unavyodhani. Amit Kumar na Nicholas Epley, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, waliwataka watu waandike barua za shukrani na kukisia mpokeaji atajisikiaje. Waandishi walidhani mpokeaji ataona ugeni kuliko alivyouona kweli, na walikisia furaha yake kwa kiwango cha chini kuliko ilivyokuwa. Mwandishi anahangaika na maneno, je, yamepangika? Mpokeaji yeye anasikia ule moyo.

Sema alichofanya, lini, na kilikubadilishia nini. Basi. Usimpambe. Maneno makubwa humfanya mtu akuangalie chini kwa aibu. Maneno ya jambo lenyewe humfanya akumbuke. Katika utafiti wa Seligman, kumpelekea mtu barua ya shukrani kwa mkono ndiko kulikoinua furaha kuliko mazoezi mengine yote, ingawa baada ya mwezi hivi ilikuwa inapungua. Kwangu hilo si kasoro. Ni sababu ya kuandika nyingine.

Yule muuguzi wa taa ndogo nilimwandikia, miezi baada ya mazishi. Nilimkuta mwanzoni mwa zamu. Aliisoma amesimama, akaikunja mara nne, akaiweka katika mfuko wa sare yake, akasema hakumbuki usiku ule. Kisha akanishika mkono, akaniuliza jina la mama.

Wengine wanaogopa kwamba kushukuru ni kukiri deni. Ndugu zangu, deni linataka kulipwa ili liishe. Shukrani haitaki kuisha. Ukijikuta unakimbilia kurudisha fadhila haraka ili usidaiwe, tulia kwanza, uipokee.

Nawezaje kuwafundisha watoto wakati nyumba ina shida?

Wasikie ukishukuru, na wasikie ukisema umechoka. Wakati wa kulala muulize mtoto, "Leo nani alikufanyia vizuri?" na "Leo nini kimekuuma?" Uliza yote mawili, kila siku, na usimsahihishe. Mtoto anayelia kwa kuhama shule aliyoipenda asiambiwe ashukuru ana shule. Mwambie pole. Asante ataijua mwenyewe.

Nitajuaje kwamba nahitaji msaada mkubwa kuliko huu?

Kama huzuni au kukosa hamu ya kila kitu vimekukalia karibu kutwa nzima, siku nyingi, kwa wiki mbili au zaidi. Kama usingizi na hamu ya kula vimeharibika, kazi za kawaida zimekushinda, unajiona huna thamani. Nenda kwa daktari au mtaalamu wa afya ya akili. Sonona ni ugonjwa na inatibika. Na jua hili: kujilaumu kwamba "nina mengi ya kushukuru lakini sijisikii chochote" ni jambo ambalo ugonjwa wenyewe huleta. Huo si utovu wa shukrani, na daftari peke yake halitauondoa.

Ukiwa na mawazo ya kujidhuru au ya kutaka kufa, usibaki peke yako. Mwambie mtu leo, sasa hivi, nenda hospitali iliyo karibu, na umwombe mtu huyo afuatane nawe. Mambo mengine yote ya ukurasa huu yanaweza kungoja.

Nilianza vizuri, kisha nikaacha. Narudije?

Rudi kwa tarehe ya leo. Usijazie siku zilizopita.

Daftari langu lina pengo la siku 61, kuanzia usiku aliofariki mama. Sikuligusa. Siku niliyolifungua tena nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda nikitazama viatu vyangu, nadhani kwa muda mrefu, maana binti wa dada yangu, mwenye miaka sita, aliingia, akanitazama, akapiga magoti akaanza kunifunga kamba. Alifunga vibaya, fundo juu ya fundo. Alipomaliza akainua uso akaniambia pole. Nikamwambia asante. Kisha nikaenda kutafuta penseli.